Sura ya Pili ya Serikali Mpya

Ijumaa, 4 Oktoba 1985

Niliporudi ofisini kwa wakili kutoka chakula cha mchana nilimkuta Wabwire kwenye benchi la wateja, kofia magotini, kama mtu aliyekuja kushtakiwa. Kavata, anayepiga chapa meza ya jirani na yangu, akaninong'oneza, "Mama Pramila, huyo mzee amekungoja tangu ulipotoka. Nimempa chai, amekataa."

Wabwire na mimi tulisoma sheria pamoja Dar es Salaam, sote tukitokea Uganda, sote tukiamini tutarudi kuiendesha nchi. Yeye akaingia Wizara ya Mambo ya Nje, mimi nikaingia serikalini Entebbe kuandika miswada ya sheria. Mwaka 1972 nilifukuzwa pamoja na Wahindi wenzangu kwa sababu ya rangi yangu. Miaka michache baadaye yeye akakimbia kwa sababu ya mdomo wake. Sasa amepanga nyumba Riruta na anafundisha shule moja ya usiku hapa mjini.

Alisema hawa wanajeshi walioipindua serikali ya Uganda Julai hawatadumu. Mazungumzo ya amani yanaendelea hapa hapa Nairobi, waasi wako msituni, na yeyote atakayeshika nchi atakuta meza tupu.

"Tunaandika cha kuweka juu ya meza hiyo," akasema. "Serikali mpya ianze na nini. Majirani, wakubwa wa nje, jeshi. Tunao wasemaji, dada Pramila. Hatuna mtu wa kuandika kifungu ambacho mwizi hawezi kupenya."

Nikamwambia mimi si Mganda tena.

"Nani alikwambia hivyo?"

"Yule aliyeichana pasi yangu."

"Na yeye yuko wapi leo?" akauliza, akavaa kofia yake akaondoka.

Jumapili, 6 Oktoba

Nimeamua kukataa. Nimefua mapazia yote.

Jumapili, 13 Oktoba

Nimeenda.

Navin, mume wangu, nimemwambia nakwenda kumtembelea mke wa Wabwire, Peres, jambo ambalo ni kweli nusu. Ombi langu la uraia wa Kenya limo mikononi mwa wakubwa tangu mwaka juzi. Navin ana pasi ya Uingereza na kibali cha kufanya kazi katika duka la spea la kaka yake, Bhanu. Mimi nina karatasi ya wakimbizi tu. Mtu wa hali yangu haendi kukaa na watu wanaopanga serikali ya nchi nyingine.

Ndiyo maana naandika Kiswahili. Nyumbani kwetu Muthangari, kila mtu husoma Kigujarati na Kiingereza. Kiswahili cha maandishi hakuna anayejisumbua nacho ila mimi.

Sebule ya Wabwire ina viti vinne na meza moja. Mtu wa tatu alikuwa Meja Drani, mrefu, shati limenyooshwa pasi hadi mikunjo inasimama. Anasimamia walinzi wa ghala la saruji. Alikuwa jeshini, akatoroka baada ya wenzake kuuawa kambini. Anaongea Kiswahili cha jeshi, kifupi kifupi.

Wabwire amegawa kazi. Sura ya Kwanza ni mambo ya nje: reli na barabara ya Mombasa, Tanzania, mpaka wa Sudan, Zaire, Uingereza na wakopeshaji. Sura ya Pili ni usalama wa taifa. Nimepewa kuandika zote mbili. Nilirudi nyumbani na furaha ambayo sikuwa na mahali pa kuiweka.

Jumatano, 16 Oktoba

Mvua ya kwanza. Umeme umekatika.

Jumapili, 20 Oktoba

Tulikuwa tunajadili vizuizi vya barabarani: nani aviweke, kwa amri ya nani. Meja Drani alikuwa anaeleza jinsi kizuizi kinavyopangwa, gogo hapa, bunduki pale, ofisa amesimama nyuma kidogo. Alieleza kama mtu aliyesimama hapo. Nikamuuliza ni wapi.

"Barabara ya Entebbe," akasema.

"Mwaka gani?"

Wabwire aliinua mkono kutaka kuingilia. Drani hakumtazama. "Sabini na mbili. Nilikuwa luteni. Mabasi yenu yalipita kwangu kwenda uwanja wa ndege."

Nikamuuliza kama alichukua kitu.

"Mimi sikuchukua. Vijana wangu walichukua. Niliwatazama."

Kwenye barabara hiyo askari alimvua mama yangu bangili. Moja ilikataa kutoka, naye akamwaga mafuta ya bunduki juu ya mkono wake mpaka ikatoka. Mama alimwambia asante kwa kutomkata. Alifia Leicester, Uingereza, akiwa bado anauliza kwa nini alisema asante.

Sikumwambia Drani haya. Nilikusanya karatasi zangu nikatoka. Wabwire alinifuata mpaka kwenye lango akisema, "Dada, yuko upande wetu sasa." Nikamwambia simjui huyo wa "sasa."

Jumapili, 27 Oktoba

Sikwenda. Mvua imenyesha tangu asubuhi.

Jumapili, 3 Novemba

Sikwenda. Mvua.

Jumatatu, 4 Novemba

Peres amekuja ofisini, viatu vyake vimejaa tope la Riruta. Kavata alimwekea magazeti chini ya miguu na kumwambia, "Keti tu mama, hii sakafu imeona mengi." Nilidhani Wabwire amemtuma. Alisema mumewe hajui kama amekuja.

Kiswahili chake ni cha kutafuta neno kwa neno. Tororo, alikozaliwa, hakukihitaji.

"Hii lugha mimi nilijifunza kwa kuogopa," akasema. "Kwetu, ukisikia Kiswahili usiku, ni askari. Kwanza wanasema fungua. Halafu wanasema lala chini. Halafu lete. Hayo maneno matatu nilijua kabla sijajua salamu. Nilipofika Nairobi, mwanamke wa sokoni akaniambia, 'Lete kikapu nikuwekee,' na mimi nikaanza kutetemeka. Yeye alikuwa anataka kuniongezea nyanya."

Mimi lugha hii nilicheza nayo utotoni, nikasomea chuoni, na sasa najificha ndani yake kila ninapoandika.

"Wanaume wanaongea Uingereza, wanaongea mkopo," akaendelea. "Mimi nataka serikali ambayo askari akija mlangoni, nitajua jina lake. Sijui kuandika hiyo. Wewe unajua. Ukikaa nyumbani kwa sababu ya Drani, basi Drani amekufukuza mara ya pili."

Akanywa chai yake yote akaondoka. Balwant Singh, wakili anayeniajiri, alitoka chumbani kwake akauliza mteja yule alikuwa na kesi gani. Nikasema ya ardhi.

Jumapili, 10 Novemba

Nimerudi. Nilimwambia Drani mbele ya Wabwire kwamba sijamsamehe na kwamba sikuja kwa ajili hiyo. Akasema, "Ndiyo, mama." Kisha tukaanza kazi.

Niliwasomea kifungu nilichoandika: askari yeyote anayemsimamisha raia atamsalimu, atataja jina lake na kikosi chake, na atasema kwa nini amemsimamisha, kabla ya kuuliza chochote. Wabwire alikuna kidevu. Alisema ni kizuri lakini ni kidogo. Serikali mpya ina vita vya kumaliza, ina mpaka wa Sudan.

"Si kidogo," Drani akasema. "Askari akishataja jina, hawezi kuiba vizuri."

Kisha akataka tuongeze chake: ofisa aliyepo atajibu mbele ya sheria kwa kila wanachofanya askari wake, hata kama mkono wake haukugusa kitu. Alilitamka kila neno polepole ili niandike. Nilitambua alikuwa anaandika sheria ambayo ingemfunga yeye mwenyewe. Niliiandika bila kumwangalia.

Ugomvi ulikuja kwenye kifungu cha tatu: hakuna raia atakayevuliwa uraia kwa tangazo, na waliovuliwa warudishiwe. Wabwire alisimama. "Hiyo itatumaliza mjini kabla hatujaanza. Watu wamekaa katika maduka mliyoyaacha miaka kumi na tatu. Tuiweke baadaye, chini ya biashara."

"Si biashara, ni usalama," nikamwambia. "Serikali ikiweza kuamka asubuhi na kusema fulani si wetu, hakuna aliye salama. Sisi tulikuwa wa kwanza tu. Baada yetu walikuja kwako."

"Na wafadhili, dada? Wao watasoma Sura ya Kwanza wafunge kitabu."

"Ulaya nzima ilitujua kwa barabara ile moja ya uwanja wa ndege. Mabalozi wako watasema nini cha kufuta picha ya mabasi yale?"

Kifungu kimebaki, kwa kura mbili dhidi ya moja. Kura ya pili ilikuwa ya Drani. Sijui nifanye nini na jambo hilo.

Jumanne, 12 Novemba

Diwali. Taa barazani zimezimwa na upepo wa mvua. Navin amewasha zote upya.

Jumapili, 17 Novemba

Reli na Mombasa. Wabwire anajua kazi yake. Alieleza jinsi Kampala inavyoweza kukosa mafuta ndani ya wiki moja Nairobi ikikasirika, na jinsi ya kuikasirikia Nairobi bila yenyewe kujua. Nilicheka kwa mara ya kwanza katika nyumba ile.

Jumanne, 26 Novemba

Wamemchukua Drani. Askari kanzu walimkuta kazini asubuhi, wakamwingiza garini bila kueleza. Wabwire alinipigia kutoka simu ya barabarani, sauti yake ndogo. Mlinzi mmoja alisikia wakisema atapelekwa Malaba, mpakani, akabidhiwe ng'ambo.

Akikabidhiwa ng'ambo hatafika Jinja akiwa hai.

Jumatano, 27 Novemba

Nitaandika yote, kwa kuwa kesho sitakuwa na nafasi.

Asubuhi niliingia kwa Balwant Singh nikafunga mlango. Nilimweleza kila kitu, hata ile kesi ya ardhi. Alizungusha bangili yake ya chuma. Nilimtarajia anifukuze kazi. Kwa miaka tisa nimemwona kama mtu wa mikataba ya nyumba, mtu wa kuepuka matata.

"Tunaweza kuomba Mahakama Kuu iamuru aletwe mbele yake," akasema. "Lakini nahitaji hati ya kiapo. Mtu aape kwamba anamjua, na kwamba akirudishwa atauawa. Nani?"

Wabwire hawezi. Akijitokeza watamweka gari moja na Drani. Peres vilevile. Walinzi wa ghalani hawajui lolote kumhusu.

"Wewe basi," Balwant akasema. "Lakini nisikilize, Pramila-ji. Hati itasomwa hadharani. Utaandika ulimjulia wapi. Ombi lako la uraia litafika mezani kwa mtu aliyeisoma. Naweza kutafuta njia nyingine, lakini itachukua wiki, na yeye hana wiki."

Nilitembea kutoka ofisini mpaka bustani ya Jeevanjee nikasimama chini ya mwavuli. Nilijaribu kufikiria kama mtu mwenye busara. Hakuna ambaye angenilaumu. Mtu huyu alitazama mama yangu au mama wa mwingine akivuliwa bangili. Ningeweza kwenda nyumbani, nikapika, nikamwacha apite kwenye kizuizi chake. Jambo lililonitisha ni jinsi wazo hilo lilivyokuwa jepesi. Ndivyo ilivyokuwa kwake pia, siku ile: hakufanya kitu, alisimama nyuma kidogo.

Jioni nilimwambia Navin. Hakupaza sauti, Navin akikasirika huongea taratibu.

"Kwa ajili ya askari wa yule mtu aliyetufukuza?"

"Ndiyo."

"Umesahau?"

"Sijasahau hata kidogo."

"Tulianza upya Leicester. Tukaanza upya hapa. Mimi nina miaka hamsini na mbili, Pramila. Sina kuanza kwingine."

Nikamwambia kibali chake kiko kwa jina lake na pasi yake, si yangu. Atakayepoteza ni mimi.

"Na mimi ni nani?" akauliza. Akachukua koti akaenda kwa Bhanu.

Mvua haijakatika. Nimeamua.

Alhamisi, 28 Novemba

Kavata ndiye aliyeipiga chapa hati ya kiapo. Alipofika kwenye jina langu alisimamisha vidole. "Mama, una uhakika? Hii ikitoka hairudi." Nikasema apige. Balwant alishauri nisitaje Barabara ya Entebbe, kwamba haisaidii. Nimeitaja. Hati ya kiapo ni ya ukweli, na upande wa serikali ungeigundua.

Ijumaa, 29 Novemba

Mahakamani. Drani hakuletwa, wakili wa serikali alisema hajui yuko wapi, kisha akasema ni suala la usalama wa nchi. Kisha akasoma hati yangu kwa sauti ya kushangaa na kumwuliza jaji ni lini Mhindi aliyefukuzwa Uganda alianza kuwatetea askari waliomfukuza, kama si kwa njama.

Jaji, mzee mwenye mafua, alivua miwani akaniuliza mimi mwenyewe. Balwant aliniinulia kichwa niende mbele.

Nilisema, "Mheshimiwa, nilipita barabara ile nikiwa sina mtu wa kunitaja jina mbele ya mahakama yoyote. Najua ilivyo. Bwana Drani anastahili kushtakiwa kama ana kosa, na mimi nitakuwa shahidi wa kwanza dhidi yake. Lakini ashtakiwe. Asipotezwe."

Nilikaa. Jaji aliandika kwa muda mrefu, akapiga chafya, akaandika tena. Kisha akaamuru Drani asitolewe nchini na aletwe mbele yake Jumatatu.

Nje, Balwant alinishika bega, kitu ambacho hajawahi kufanya. "Miaka yote hii nimekuwa nikikupa mikataba ya nyumba," akasema. "Nisamehe."

Jumatatu, 2 Desemba

Wamemleta. Jicho moja limevimba. Shati halina vifungo. Ameachiliwa chini ya ulinzi wa ofisi ya wakimbizi.

Jumapili, 8 Desemba

Hatukutarajia mgeni. Kengele ililia, Navin akaenda langoni na mwavuli. Nilimwona kutoka dirishani: Drani amesimama kwenye mvua, kofia mkononi. Nilikimbia, nikafika Navin akiwa ameshauliza.

"Wewe ndiye wa barabarani?"

"Ndiyo, mzee. Barabara ya Entebbe."

Walitazamana. Drani hakujitetea, hakuinamisha kichwa pia. Maji yalikuwa yanamtiririka shingoni.

"Ingia," Navin akasema mwishowe. "Kunanyesha."

Alikunywa chai barazani. Alikataa kuingia ndani, na Navin hakumlazimisha. Alinishukuru kwa maneno machache, kisha akauliza kama tumemaliza kifungu cha maofisa. Navin alikaa kiti cha tatu akisikiliza. Alipoondoka Drani, Navin alisema, "Anakunywa chai bila sukari," kama mtu aliyetafuta kosa akapata hilo tu.

Jumanne, 17 Desemba

Redio inasema wanajeshi na waasi wametia sahihi mkataba wa amani. Wabwire amepiga simu akicheka na kulia. Drani anasema watu waliotia sahihi hawakutazamana.

Jumatano, 8 Januari 1986

Mvua imekwisha kabisa. Barua imekuja: ombi langu la uraia halikukubaliwa. Sababu haikutajwa. Navin aliisoma, akaikunja sawasawa na ilivyokuwa, akanirudishia. Nilingoja aseme. Alisema tu, "Ulijua," na sauti yake haikuwa na lawama.

Sura ya Pili iko tayari. Nimeisoma yote leo, kila kifungu, na sikubadilisha neno.

Jumapili, 26 Januari

Kampala imeanguka. Amani ya Nairobi haikufika mbali. Watu wa msituni wameingia mjini. Tulisikiliza redio Riruta, majirani wamejaa mpaka mlangoni. Wabwire alizunguka chumba akishika watu mikono. Peres alikuwa jikoni. Nilimkuta ameketi juu ya debe la maji, anasikiliza kutoka huko.

"Wanaongea lugha gani, hao askari wapya?" akaniuliza.

"Kiswahili, nadhani. Na nyingine."

"Tutaona watasema nini kwanza," akasema.

Jumamosi, 1 Februari

Wabwire ameondoka na sura zote mbili.

Ijumaa, 14 Februari

Simu ya Kampala, ofisini, sauti inakuja na kupotea. Wabwire amepewa kiti Mambo ya Nje. Sura ya Kwanza imepokelewa vizuri sana. Wananihitaji: dawati la Uingereza na India.

"Wakikuona wewe umerudi," akasema, "wataelewa tumebadilika."

Nikauliza Sura ya Pili iko wapi.

"Vifungu vya askari, kuna kamati inavitazama. Kile cha uraia kimesubirishwa kidogo, dada. Hali ya mjini."

"Na Drani?"

"Jina lake linawatisha watu."

Kavata aliacha kupiga chapa. Balwant alikuwa mlangoni kwake. Nilimwambia Wabwire kwamba sikuapa mahakamani ili nikawe picha ya kuonyesha Waingereza. Nitakuja, lakini nitakaa katika kamati hiyo inayotazama vifungu, na nitakaa humo mpaka kile cha tatu kitolewe kilikosubirishwa. Ama hivyo, ama atafute Mhindi mwingine.

"Wewe ni mgumu," akasema.

"Ndiyo sababu ulinifuata."

Waya ulivuma. Nilidhani umekatika. Kisha akasema kamati inakutana Jumanne ya mwisho wa mwezi, nisichelewe.

Jumapili, 16 Februari

Nimemwona Drani. Nilimwahidi nitalisemea jina lake. Alikataa. "Mimi siwezi kuwa mtu wa kwanza kurudi. Watu wakiniona watasema ni yale yale. Wewe waambie kifungu cha maofisa kisiguswe. Kikipita, nitarudi nijibu."

Nikamuuliza kama anamaanisha hivyo kweli.

"Mama, mimi ndiye niliyekitunga."

Tulipeana mikono. Ni mara ya kwanza.

Jumamosi, 22 Februari

Basi linaondoka kesho jioni. Navin haji. Amelisema wazi na sijambembeleza. Duka liko hapa, na yeye hana kuanza kwingine, alivyosema. Nitarudi kila mwezi nikiweza, nao wakiniruhusu mpakani na karatasi hii.

Amekuwa akizunguka chumbani tangu asubuhi, akinipa vitu ambavyo sikuviomba. Tochi. Koti lake la mvua, ingawa jua linawaka. Tangu tuje huku hajawahi kulitaja jina la mji tuliozaliwa, hata watu wakimuuliza ametoka wapi. Nilipokuwa nafunga sanduku alisimama nyuma yangu.

"Jinja mtapita usiku au mchana?"

"Asubuhi, kama mpakani hawatatuchelewesha."

Akafikiri. "Basi kaa upande wa kushoto," akasema. "Upande wa kulia utaona bwawa tu. Kushoto utaona maji yanavyotoka ziwani."